Boksi la umeme lipimwe kabla zege halijamwagwa

Tulikuwa Tabata, Dar es Salaam, jengo la ghorofa nne, tunavuta nyaya za kupandisha umeme juu. Mwenzangu yuko ghorofa ya tatu anasukuma, kijana wetu yuko chini anavuta, mimi niko katikati kwenye boksi nikizielekeza. Nyaya nne za milimita za mraba 35 na erthi ya 16. Boksi lilikuwa la chuma, milimita 200 kwa 200, nimelinunua mwenyewe kwa sababu lilienea sawasawa kwenye nafasi aliyoniachia mwashi. Nyaya zikafika kwenye kona ya boksi zikagoma. Tukahesabu moja mbili tatu, tukavuta, zikapita. Jioni nikazipima insulesheni kwa volti 500. Hapo kipimo cha chini kabisa kinachokubalika ni megaomu 1, na fezi ya pili ikanisomea sifuri kwenda erthi. Kufungua boksi, nikakuta ukingo wa tundu umeparua ganda jekundu, shaba inang'aa kama upana wa ukucha wa kidole gumba.

Nyaya zote zilitoka, na gharama niliibeba mimi. Lawama haikuwa ya mvutaji wala ya waya. Boksi lilikuwa dogo, na zege lilishakauka pembeni yake.

Namna ya kulipigia hesabu boksi ndiyo nitakayoieleza hapa, hatua kwa hatua, kama ninavyoifanya sasa.

Kwanza: jua unafuata kanuni ya nani

Sisi tumelelewa kwenye mfumo wa Kiingereza. Volti 230 kwa fezi moja na 400 kwa fezi tatu, nyaya za milimita za mraba, soketi za pini tatu bapa, na kitabu cha kanuni ni BS 7671, ambacho sasa kiko toleo la 18. Kitabu hicho hakikupi jedwali la kukwambia boksi liwe na urefu huu. Kinadai nafasi itoshe, waya usiumie, usikunjwe kupita kiasi, na maungio yafikike kwa ukaguzi. Fundi mwenye jicho zuri hilo linamtosha. Fundi aliye na haraka analitafsiri anavyotaka.

Wamarekani wao wana namba. Kanuni yao, NEC, ina kifungu cha 314 kinachohesabu boksi dogo kwa ujazo na boksi kubwa kwa urefu. Haitufungi sisi huku, na mkaguzi wa Dar hatakuuliza habari zake. Lakini namba zake ni ngazi nzuri ya kupandia: ukizifuata, matakwa ya Kiingereza ya nafasi na mkunjo umeyatimiza bila kubishana na mtu. Mimi ndivyo ninavyofanya. Angalia tu usichanganye vipimo. Wao wanaandika inchi na namba za AWG, yaani kipimo chao cha unene wa waya, na video nyingi vijana wanazojifunzia kwenye simu ni za kwao. Nimekuta kijana ananunua boksi la "4 kwa 4" akidhani ni sentimita.

Pili: tenga nyaya ndogo na nyaya kubwa

Mpaka wa Wamarekani uko kati ya AWG 6 na AWG 4. AWG 6 ni milimita za mraba 13.3, na AWG 4 ni 21.2. Kwetu, basi, kuanzia waya wa 10 kushuka chini unahesabu ujazo, na kuanzia 16 kupanda juu unahesabu urefu. Paipu lenye waya mmoja wa 16 na saba za 2.5 lipeleke upande wa kubwa.

Tatu: boksi la nyaya ndogo, hesabu ujazo

Kila waya umepewa nafasi yake kwa sentimita za ujazo. Nimezibadili kwenda kwenye nyaya tunazonunua Kariakoo, kila mara nikipanda kwenda saizi ya juu inayofuata:

1.5 → 32.8
2.5 → 36.9
4 → 41
6 → 49.2
10 → 81.9

Sasa hesabu vilivyomo. Waya unaoingia kutoka nje na kuishia au kuungwa ndani ni mmoja. Unaopita moja kwa moja bila kukatwa ni mmoja. Kipande kifupi kinachoanzia na kuishia ndani ya boksi, hakihesabiwi. Erthi nne za kwanza zote kwa pamoja ni moja, na kila erthi inayozidi hapo ni robo. Swichi au soketi iliyokaa kwenye boksi hilo ni sawa na nyaya mbili za saizi iliyofungwa kwake. Vibano vya ndani vya kushikia kebo, viwe vingapi, ni mmoja.

Chukua mfano wa boksi la korido. Paipu moja inaleta soketi saketi, paipu tatu zinaipeleka vyumbani, zote nyaya za 2.5. Laivu nne, nyutro nne, hizo ni nane. Erthi nne zinakuwa moja. Tisa mara 36.9 ni 332. Boksi la milimita 75 kwa 75 lenye kina cha 50 lina sentimita za ujazo 281, halitoshi. La 100 kwa 100 kwa 50 lina 500, linatosha na vidole vinapata pa kugeukia. Pima kwa rula ndani ya boksi, usisome namba ya kwenye karatasi ya duka, maana mara nyingi ile ni ya nje.

Hapa kuna jambo litakalowachekesha mafundi wenzangu. Ile raundi boksi yetu ya plastiki tunayoizika kwenye slabu, ndani ina kipenyo cha karibu milimita 60 na kina cha 35. Ujazo wake ni kama 99. Gawa kwa 32.8: nyaya tatu za 1.5, basi. Na sote tumewahi kufungua moja tukakuta nyaya tisa zimesokotwa na kufungwa tepu, mfuniko umeshikiliwa kwa plasta. Wala soketi ya kawaida haipiti kwa hesabu hiyo: laivu mbili, nyutro mbili, erthi moja, soketi mbili, jumla saba, ni 258, na boksi la inchi 3 kwa 3 lenye kina cha milimita 47 lina kama 220 tu ndani.

Soketi ya Kiingereza imetengenezwa terminali zake zipokee nyaya tatu za 2.5 kila moja, kwa hiyo kuunga kunafanyika kwenye terminali yenyewe wala si kwenye fundo la nyuma. Ndiyo maana kwenye soketi sishikilii hesabu ya Kimarekani. Ninachoshikilia ni kina. Boksi lenye kina cha 35 nyuma ya soketi yenye lupu, yaani ambayo nyaya zake zinaendelea kwenda soketi nyingine, silitumii, naweka 47, hata kama mwashi ananung'unika kuchimba tofali zaidi. Raundi boksi naiacha iwe ya kupitishia na kuning'inizia taa. Lupu ya taa naifanyia kwenye swichi au kwenye terminali za taa, siyo kwenye raundi. Nikilazimika kuunga darini, natumia boksi la mraba lenye konekta.

Nne: boksi la nyaya kubwa, hesabu urefu

Huku ujazo hausaidii. Boksi linaweza kuwa na ujazo wa ndoo na bado waya ukagoma, kama mdomo wa paipu umekaribiana na ukuta wa mbele. Waya wa 35 una unene wa nje wa karibu milimita 10.5, na hautaki kugeuka ghafla. Ukiuvuta utengeneze lupu nje ya boksi, halafu unaposukuma lupu irudi ndani, pale ndipo unapoona kama ulipiga hesabu.

Mvuto wa moja kwa moja, yaani paipu linaingia upande huu na kutokea upande wa pili: urefu wa boksi usipungue mara 8 ya kipenyo cha paipu kubwa kuliko yote. Paipu la milimita 50, boksi la 400.

Mvuto wa kona, au wa kurudi upande ule ule, au boksi lenye kuunga ndani: kutoka ukuta wenye paipu hadi ukuta wa mbele yake isipungue mara 6 ya paipu kubwa, kisha ujumlishe vipenyo vya paipu nyingine zote za safu ile ile kwenye ukuta ule. Kuna sharti la pili ambalo watu wengi wanalisahau: mdomo nyaya zinapoingilia na mdomo nyaya zile zile zinapotokea, viachane kwa mara 6 ya paipu kubwa kati ya hayo mawili. Napima ukingo kwa ukingo, upande ulio karibu.

Waweza kushangaa mbona moja kwa moja inadai 8 na kona inadai 6, wakati kona ndiyo ngumu. Kwenye mstari ulionyooka huna pa kuinulia waya. Unautoa nje kwa mbele ya boksi, kama upinde, na upinde huo unahitaji urefu ili ulale tena. Kwenye kona boksi lina pande mbili za kuchezea.

Paipu zikiwa safu mbili kwenye ukuta mmoja, kila safu ipigie hesabu yake peke yake, halafu chukua jibu kubwa. Usizijumlishe safu zote.

Tano: mfano mzima, jengo la Tabata kama lilivyopaswa kuwa

Ukuta wa kushoto wa boksi: paipu moja la 50 na mawili ya 32, safu moja. Nyaya zinageuka kona kushuka, zinatokea ukuta wa chini kwa paipu zile zile: 50, 32, 32.

Kwenda kulia: mara 6 ya 50 ni 300, jumlisha 32 na 32, unapata 364. Kwenda juu kutoka ukuta wa chini: hesabu ile ile, 364. Boksi la karibu linalopatikana ni 400 kwa 400. Kumbuka mimi niliweka 200.

Halafu nafasi ya matundu. Hapa ndipo boksi la 400 linaweza kukusaliti vile vile, kwa sababu fundi akiachiwa mwenyewe atatoboa tundu la 50 karibu na kona ya ndani ili paipu liwe fupi. Weka kitovu cha paipu la 50 la kushoto milimita 250 kutoka sakafu ya boksi, na lile la chini weka milimita 250 kutoka ukuta wa kushoto. Kingo zao za karibu ziko 225 na 225 kutoka kwenye kona, na mshazari kati yao ni 318. Tulihitaji 300. Imepita. Paipu za 32 zitoboe nje ya lile kubwa, vitovu 310 na 360 pande zote mbili. Hizo zinahitaji 192 kati ya kuingia na kutoka, na zina zaidi ya 400, hazina tatizo. Ukizibana ndani, kwa mfano kitovu 110, mshazari wake unashuka hadi kama 133, hesabu yote imeharibika.

Ninachora haya kwa penseli juu ya kipande cha boksi la karatasi, ukubwa kamili, natoboa kwa kisu, naenda nalo kwa mchomeleaji. Karakana za Gerezani watakutengenezea boksi la chuma la saizi yoyote kwa mchoro wa namna hiyo, na kwa kawaida bei yake haizidi ya lile la dukani kwa kiasi cha kukutoa jasho. Waambie wakate matundu kwa mashine ya kutoboa duara, siyo kwa moto. Tundu lililokatwa kwa moto lina meno.

Mvuto wa kurudi ni huu. Paipu mbili za 40 juu ya ukuta mmoja, nyaya zinaingia kwa hili na kutokea kwa lile. Kwenda ukuta wa mbele ni 240 jumlisha 40, jibu 280. Kati ya midomo yake miwili ni 240, kwa hiyo upana wa ukuta wenyewe, pamoja na paipu, ni 320 kabla hujaweka nafasi ya lokinati, ile nati inayobana paipu kwenye boksi. Boksi la 300 kwa 350 linafanya kazi, la 300 kwa 300 halifanyi. Watu hulikosa hili kwa sababu wanaangalia kina tu.

Paipu yenyewe pia iangalie kabla hujaanza na boksi. Kwenye paipu yenye nyaya zaidi ya mbili, NEC inaruhusu zijaze asilimia 40 tu ya nafasi ya ndani, na jumla ya kona kati ya boksi na boksi isizidi nyuzi 360. Mimi kona zangu ni mbili. Ikija ya tatu, naweka boksi jingine.

Sita: kebo ngumu ya ardhini

Kebo ya amadi, ile yenye nyuzi za chuma, ina sheria yake ya mkunjo: miongozo ya Kiingereza inataka nusu kipenyo cha mkunjo isipungue mara 6 ya unene wa nje wa kebo, au mara 8 kama nyaya zake za ndani si za duara. Kebo yenye nyaya za duara na unene wa milimita 30 inakunja kwa 180. Halafu glandi, yaani kibano kinachofunga kebo kwenye tundu la boksi, inakula nafasi, na baada ya glandi zile nyaya za ndani nazo zinataka kufunguka kabla hazijafika terminali. Kwa kebo za namna hii namba 8 na 6 nazichukulia kama chini kabisa, kisha naongeza kiganja kimoja.

Saba: chuma kinapasha moto

Laivu na nyutro za saketi moja zipite tundu moja. Ukitoboa boksi la chuma ukapitisha fezi moja peke yake tundu lake, fezi nyingine tundu lake, chuma cha katikati kinazungukwa na sumaku inayobadilika mara 50 kwa sekunde, na kinapata joto. Kwenye nyaya nene zenye mzigo wa kiyoyozi unaweza kuligusa ukaondoa mkono. Kama matundu tayari yametoboka, kata mwanya kuyaunganisha, au badili ukuta ule uwe wa plastiki. Boksi la chuma lifungwe erthi yake kwenye mwili, kwa skrubu na rinji, ile pete ya mwisho wa waya. Usitegemee skrubu za mfuniko.

Bushi, yaani pete ya kukinga waya na ukingo, kila tundu. Haina mjadala. Lile ganda jekundu la Tabata lingeokolewa na bushi ya plastiki.

Nane: mahali pa kuliweka

Siku hizi nyumba zote zina gypsum, na gypsum imekuwa kaburi la maboksi. Fundi umeme anaweka boksi darini, anaondoka, fundi gypsum anaziba, na miaka miwili baadaye mwenye nyumba anaita mtu kutafuta kwa nini vyumba viwili havina umeme. BS 7671 inataka maungio yafikike, isipokuwa machache maalumu kama yale ya kujaza lami. Kwa hiyo kabla gypsum haijapanda, kaa na fundi wake, muonyeshe kila boksi, mkubaliane kipande gani kitakuwa cha kufungua. Nikishindwa hilo, nahamishia maboksi juu ya kabati au kwenye korido ya huduma.

Nje ya nyumba, chagua boksi lenye alama ya kukinga vumbi na maji ya IP55 au IP65, na matundu ya kuingilia yawe chini, siyo juu, ili maji ya masika yadondoke badala ya kutiririka ndani kufuata paipu. Kigamboni, Masaki na popote unaposikia harufu ya bahari, chuma cha rangi tu hakikai. Tumia plastiki ngumu au bati lililopakwa zinki kwa moto, na skrubu zisizoshika kutu, kwa sababu mfuniko usiofunguka baada ya mwaka ni sawa na boksi lililozikwa. Sehemu zinazofurika kama mabondeni ya Msimbazi, boksi lipande juu ya mstari wa maji ulioachwa ukutani. Mstari huo wenyeji watakuonyesha bila kuuliza mara mbili.

Tisa: siku ya zege

Kazi ya kuunganishwa na TANESCO, shirika la umeme, inapita kwa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na sahihi inayowekwa ni yake. Kwa hiyo ukimfanyia kazi fundi mwenye leseni, michoro ya maboksi mpelekee kabla ya nondo kufungwa. Pima mara ya mwisho baada ya boksi kufungwa kwenye nondo, kwa sababu saidia fundi wa zege hulikanyaga likasogea. Jaza magazeti au mifuko ndani, ziba mfuniko kwa tepu, acha waya wa kuvutia kwenye kila paipu.

Mfuniko ukishafungwa, kabla ya rangi, chukua kalamu ya wino mzito uandike kwa ndani ya mfuniko: saketi gani zimepita, nyaya za saizi gani, paipu lipi linatoka wapi. Kwa nje rangi itafuta. Kwa ndani itamsubiri fundi atakayekuja baada yako, ambaye huenda ni wewe mwenyewe ukiwa umesahau.

Boksi la 400 nililoliweka Tabata baada ya kuvunja zege lina maandishi hayo. Nyaya mpya tulizipitisha watu wawili, yule wa juu akisukuma kwa mkono mmoja huku anaongea na simu.